UCHAMBUZI: Mdundo wa gozi ni hesabu, na mwenye kipimo ndiye mwenye mchezo

TANGU Septemba 27, 2023, siku ambayo Shirikisho la Soka Afrika (CAF) lilizipa Kenya, Uganda na Tanzania idhini ya kuandaa kwa pamoja fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) za 2027, mazungumzo kuhusu viwanja yamekuwa ya saruji na chuma. Wanasiasa wamehesabu viti. Wahandisi wamehesabu malango, taa na maegesho ya magari. Uwanja wa viti 60,000 ulioanza kujengwa Machi 2024 kando ya barabara ya Ngong, jijini Nairobi, umesifiwa kwa ukubwa wake kuliko kwa jambo jingine lolote.

Ni nadra kusikia swali dogo ambalo hata mtoto anaweza kuliuliza: gozi likianguka katika nyasi za uwanja huo, litadunda hadi wapi?

Swali hilo si la mzaha. Nchini Japani liliwahi kumng'oa kigogo wa michezo afisini mwake. Katika riadha, mchezo unaolisha maelfu ya familia za Bonde la Ufa, swali la namna hiyo liliwalazimu wakuu wa dunia kupima soli za viatu kwa milimita. Katika kandanda linapaswa kuulizwa kabla ya mashabiki kuketi, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua ni soka ya aina gani itakayochezwa.

Ili kulielewa, yafaa kuanza na jaribio ambalo kila mpira unaotaka kupata alama ya ubora ya Shirikisho la Soka Duniani (FIFA) hulazimika kulipita. Mpira huangushwa kutoka kimo cha mita mbili juu ya bamba la chuma. Ukiwa wa daraja la juu kabisa, katika joto la digrii 20, ni lazima urudi juu kati ya sentimita 135 na 155. Ukirudi chini ya hapo, ni mzito wa kudunda. Ukipita hapo, ni mwepesi mno. Hurudiwa tena katika digrii 5, kwa kuwa mpira baridi hudunda kivivu.

Nambari hizo zinaficha habari nzima ya fizikia. Mpira wa gramu 430 ulioinuliwa mita mbili huwa umewekewa akiba ya nishati ya zaidi kidogo ya jouli nane. Aliyeuinua ndiye aliyeilipa akiba hiyo kwa misuli yake. Ukiachiliwa, mvutano wa dunia huigeuza akiba kuwa mwendo, na mpira hufika chini ukienda kwa kasi ya kilomita 22 hivi kwa saa. Hapo ndipo shughuli yenyewe hutokea, katika muda usiozidi kupepesa kwa jicho, kama sehemu moja ya mia ya sekunde. Mpira hubonyea. Hewa iliyomo ndani hubanwa, ngozi yake hujikunja, na kwa nukta moja mpira huwa umesimama kabisa, mwendo wake wote ukiwa umehifadhiwa katika hewa iliyobanwa na ngozi iliyopinda. Kisha hujikunjua na kujisukuma kutoka ardhini.

Hewa ni mdeni mwaminifu. Ilichokopeshwa hukirudisha karibu chote. Ngozi si mwaminifu kiasi hicho. Tabaka za mpira na kitambaa zilizomo ndani yake husuguana zinapokunjwa na kukunjuliwa, na msuguano huo hugeuza sehemu ya nishati kuwa joto. Sehemu nyingine ndogo huondoka kama ule mlio unaosikika. Ndiyo maana mpira uliojazwa upepo vizuri hudunda kuliko uliolegea: kazi kubwa zaidi hufanywa na hewa, na ngozi hujikunja kidogo.

Hakuna nishati iliyotoweka, basi. Imebadilisha makao tu. Mpira ulioangushwa kutoka mita mbili ukarudi mita moja na nusu umerudisha robo tatu ya nishati yake na kuacha robo moja, yaani jouli mbili na kidogo. Anayeugusa mpira huo hatahisi joto lolote kwa kuwa kiasi hicho hakitoshi kuupandisha joto hata kwa sehemu moja ya mia ya digrii. Wachezaji wa skwoshi, hata hivyo, wanalijua joto hilo vyema. Kabla ya mechi huutandika mpira wao mdogo ukutani mara nyingi mfululizo kwa sababu ukiwa baridi haudundi vya kutosha kuchezeka.

Kodi hiyo ya robo moja hutozwa kila mara. Mdundo wa kwanza utafika sentimita 150, wa pili 112, wa tatu 84, wa nne 63, hadi gozi lianze kubingirika. Kila mchezo umejichagulia kiwango chake cha kodi, na tofauti za michezo zimefichwa humo. Mpira wa tenisi ukiangushwa kwenye saruji kutoka sentimita 254 hutakiwa kurudi kati ya sentimita 135 na 147, karibu nusu tu ya ulikotoka.

Jambo la kushangaza ni kwamba sheria za kandanda zenyewe hazisemi lolote kuhusu mdundo. Sheria ya Pili, ambayo ndiyo inayohusu mpira, inataka uwe wa duara, wenye mzingo wa sentimita 68 hadi 70, uzani wa gramu 410 hadi 450, na shinikizo la hewa la kati ya 0.6 na 1.1 ya angahewa katika usawa wa bahari. Basi. Refa anayekagua mpira kabla ya mechi hushika kipimo cha upepo na kuubonyeza kwa kidole gumba. Mdundo umeachiwa maabara za viwanda na mpango wa ubora wa FIFA, mbali na macho ya shabiki aliyelipia tiketi.

Aidha, mpira ni nusu tu ya jaribio. Bamba la chuma halibonyei, uwanja hubonyea. Nyasi hulala, udongo hushuka, na kila kinachobonyea bila kujikunjua kwa haraka hula nishati. FIFA inapopima uwanja wa nyasi bandia huangusha mpira kutoka mita mbili zile zile, na kwa uwanja wa daraja la juu hutaka urudi kati ya sentimita 60 na 85 pekee. Linganisha na zile 135 hadi 155 za bamba la chuma. Uwanja mzuri, kwa kipimo cha wakuu wa mchezo huu, ni ule unaomnyang'anya mpira zaidi ya nusu ya nishati yake. Uwanja mgumu unaourudisha mpira kwa ukarimu ndio mbaya.

Hapa ndipo hesabu hiyo inapogusa soka ya Kenya. Viwanja vingi vya shule na vya mitaa nchini ni ardhi tupu iliyokanyagwa hadi ikawa kama sakafu. Wakati wa kiangazi, udongo mweusi wa mfinyanzi hukauka ukapasuka, na ule mwekundu hushikamana kama tofali. Ardhi ya namna hiyo haili nishati. Chukua mpira ulioshuka kutoka kimo cha mita tano baada ya beki kuupiga juu. Kwenye nyasi zilizopimwa na FIFA, kwa uwiano ule ule, utainuka kati ya mita moja na nusu na mita mbili na kidogo, yaani kifuani au kichwani mwa mchezaji. Kwenye sakafu ngumu utapanda zaidi ya mita tatu, juu ya kichwa cha mtu yeyote. Ni kweli kwamba uwiano hupungua kidogo kasi inapoongezeka, lakini picha haibadiliki. Katika uwanja wa kwanza mchezaji huutuliza mpira akacheza. Katika uwanja wa pili husubiri, huruka, hugombania, na anayeshinda ni mwenye kimo na mbavu.

Makocha wamekuwa wakilaumiwa miaka nenda miaka rudi kwa kufunza vijana kupiga mipira mirefu badala ya pasi za chini. Huenda wanastahili sehemu ya lawama hiyo. Lakini kijana aliyekulia katika uga ambako gozi likigusa chini hujirukia lipendavyo hana sababu ya kuiamini pasi ya chini. Amejifunza kile ambacho ardhi yake ilimfunza.

Isitoshe, nishati ambayo ardhi haikuila haiishii katika mpira. Mguu wa mchezaji anayekimbia nao huanguka na kurudi, maelfu ya mara katika mechi moja. Ardhi isiyobonyea huiachia mifupa, magoti na vifundo vya miguu kazi ya kubonyea. Ndiyo sababu vipimo vya uwanja wa nyasi bandia havipimi mpira peke yake. Hupima pia ni kiasi gani cha kishindo kinachomezwa na uwanja badala ya mwili.

Kuna upande wa pili wa hadithi hii ya vijana, na unapendeza zaidi. Mpira wa kwanza wa watoto wengi wa Kenya haukuwahi kuwa gozi la dukani. Ulikuwa wa makaratasi ya nailoni na matambara, ukafungwa kwa kamba za katani hadi ukashikamana. Fizikia yake ni kinyume cha ile ya gozi. Hauna hewa ya kubanwa. Kila karatasi husuguana na mwenziwe, na nishati yote huishia humo. Ukiangushwa, huketi. Mtoto anayeucheza hulazimika kuuweka mguuni, kuupeleka kwa hatua fupi fupi na kumhadaa mwenzake kwa kiuno, kwa kuwa mpira hauwezi kumsaidia kwa kuruka. Chenga za mitaani zina asili yake hapo. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza kutekelezwa Agosti 28, 2017 ilikuwa na faida zake kwa mitaro na mifugo, lakini hakuna aliyewahesabia watoto malighafi waliyopoteza.

Mtoto huyo anapohamia gozi halisi juu ya ardhi ngumu, anatoka katika mpira usiorudisha chochote na kuingia katika mchezo unaorudisha kupita kiasi. Hatua ya katikati, ambayo ndiyo soka ya kimataifa, ndiyo aliyonyimwa.

Mwinuko wa ardhi nao huongeza utata, na kwa mashindano yanayochezwa katika nchi tatu si jambo la pembeni. Dar es Salaam iko ufuoni. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Nairobi hukaribia 1,700 au kuzidi, kutegemea mtaa. Shinikizo la hewa jijini Nairobi ni pungufu ya lile la Pwani kwa karibu moja kwa tano. Mpira uliojazwa Mombasa na kusafirishwa hadi Nairobi bila kufunguliwa hufika ukiwa mgumu zaidi, kwa sababu hewa ya nje inayousukuma imepungua huku ile ya ndani ikibaki vile vile, ingawa baridi ya nyanda za juu huilegeza kidogo. Hata hivyo, gozi lina kidude cha kutia upepo. Refa akilipunguza kwa kipimo, mdundo wake hurudi kuwa karibu sawa na ule wa Pwani.

Tenisi haina bahati hiyo. Mpira wake hufungwa kiwandani, haupunguzwi wala hauongezwi. Kwa hivyo Shirikisho la Kimataifa la Tenisi lina mpira maalumu kwa miji iliyo juu ya mita 1,219, unaodunda kidogo kuliko wa kawaida. Nairobi imo katika orodha ya miji hiyo kwa maumbile yake, Mombasa haimo. Mchezaji anayefanya mazoezi Nairobi kwa mipira ya kawaida huwa anajifunza mchezo tofauti na ule utakaomsubiri ufuoni.

Katika soka, kinachobadilika Nairobi ni safari ya mpira angani kuliko mdundo wake. Hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15, haiuzuii mpira kama ya Dar es Salaam, wala haiupindi sana unapozungushwa. Kombora la mbali hufika mapema. Krosi iliyotarajiwa kuanguka kwenye kisanduku huvuka. Yafaa mambo haya mawili yasichanganywe, kwa sababu yamewahi kuchanganywa. Makipa walipoulalamikia mpira wa Jabulani katika Kombe la Dunia la Afrika Kusini mwaka 2010, wengi walidhani shida ilikuwa ni mdundo. Ilikuwa ni hewa: mpira ule wa vipande vinane ulikuwa laini kiasi kwamba ulipopigwa kwa nguvu bila kuzungushwa uliyumba njiani. Na FIFA ilipozuia mechi za kimataifa katika miinuko mikubwa mwaka 2007, kabla ya kulegeza uamuzi huo mwaka uliofuata, mjadala ulihusu mapafu ya wageni. Gozi halikuwa na wa kulitetea.

Kwamba nambari ndogo ya mdundo inaweza kuyumbisha mchezo wa taifa zima ni jambo ambalo Wajapani wanalijua vyema. Besiboli ndio mchezo wao mkuu. Mwaka 2011 ligi yao ya kulipwa, NPB, ilianza kutumia mpira wa aina moja kwa timu zote, uliotengenezwa na kampuni ya Mizuno na wenye kiini kilichopunguzwa uwezo wa kudunda. Kipimo kinachotumika huko ni uwiano wa kasi: mpira ukigonga ukuta mgumu, unarudi na sehemu gani ya kasi uliyokwenda nayo? Kanuni iliruhusu kiwango kisichopungua 0.4134. Kwa lugha ya nishati, mpira wa namna hiyo hurudisha asilimia 17 pekee na kuacha asilimia 83 njiani. Ni mpira mzito wa kudunda hata kabla ya kupunguzwa.

Matokeo yalionekana msimu ule ule. Mwaka 2010, wapigaji wa ligi hiyo walikuwa wamevusha mpira juu ya uzio mara 1,605. Mwaka 2011 idadi ilianguka hadi 939, na mwaka 2012 ikafika 881. Wapigaji hodari walionekana ghafla kama wazee. Kisha msimu wa 2013 ulipoanza, mipira ikaanza kuruka tena. Wachezaji waliuliza kama mpira umebadilishwa, nao wasimamizi wakakana. Juni mwaka huo wakakiri: walikuwa wameuongezea mpira uwezo wa kudunda kimyakimya, na kampuni iliyoutengeneza ilikuwa imetakiwa kunyamaza. Kamishna wa ligi, Ryozo Kato, alisema kwamba hakujulishwa. Utetezi huo ulikuwa na kasoro moja iliyowachekesha na kuwaudhi mashabiki kwa pamoja, kwani jina lake lilikuwa limechapishwa juu ya kila mpira. Septemba akatangaza kujiuzulu.

Msimu huo ulimalizika kwa mapigo 1,311 ya kuvuka uzio, na Wladimir Balentien, mzaliwa wa Curaçao, akapiga 60 peke yake na kuivunja rekodi ya 55 iliyokuwa imeshikiliwa na Sadaharu Oh tangu 1964, na kufikiwa na wengine wawili baadaye. Je, ilikuwa nguvu ya Balentien au kiini cha mpira? Bila shaka nguvu ilikuwa nyingi, lakini kwa kuwa kipimo kilifichwa, hakuna atakayeweza kuigawa sifa hiyo kwa haki. Warushaji wa mpira, ambao hulipwa kwa jinsi wanavyowazuia wapigaji, walicheza nusu ya msimu bila kujua wanarusha kitu gani.

Kosa la wakuu wa Japani halikuwa kuubadilisha mpira. Walikuwa na haki hiyo, na huenda mabadiliko yalihitajika. Kosa lilikuwa kuishikilia nambari kama siri ya nyumbani ilhali kazi na mishahara ya watu iliitegemea.

Wakenya wanaodhani hayo ni mambo ya mbali wakumbuke viatu. Soli ya kiatu cha kukimbia hufanya kazi ile ile ya gozi: hubonyea mguu unapotua, huhifadhi nishati, huirudisha mguu unapoinuka. Utafiti uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, kwa ufadhili wa kampuni ya Nike yenyewe, ulikuta kwamba soli mpya ya kampuni hiyo ilirudisha asilimia 87 ya nishati iliyobonyezwa ndani yake, dhidi ya asilimia 76 na 66 za viatu viwili vya mashindano vilivyolinganishwa nayo. Wakimbiaji walitumia nguvu pungufu kwa wastani wa asilimia 4 kwenda kwa kasi ile ile. Kiatu hakimwongezei mtu nishati hata chembe. Kinamrudishia iliyo yake, ambayo viatu vya zamani vilikuwa vikiila.

Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42 kwa 1:59:40 jijini Vienna, Oktoba 12, 2019, dunia ilishangilia, kisha ikainama kutazama miguu yake. Januari 31, 2020, Shirikisho la Riadha Duniani lilitangaza kwamba soli ya kiatu cha mbio za barabarani isizidi unene wa milimita 40 wala isiwe na zaidi ya bamba moja gumu ndani yake. Tazama lililopimwa: unene. Asilimia ya nishati inayorudi, ambayo ndiyo kiini cha mzozo wote, haikuwekewa kikomo. Kama ilivyo kwa Sheria ya Pili ya kandanda, wakuu walipima kile kinachopimika kwa rula wakakiacha kile kinachoamua mchezo.

Kwa mkimbiaji chipukizi wa Iten au Kapsabet, maana yake ni moja. Anashindana kwa miguu na pia kwa kiwango cha mrejesho ambacho hawezi kukiona, na ambacho aliye na mkataba wa kampuni hupewa bila kukilipia.

Kandanda ya Kenya bado ina nafasi ya kufanya vyema zaidi. Mashindano ya CHAN ya Agosti 2025, yaliyoandaliwa na nchi hizo tatu, yalikuwa mazoezi. Harambee Stars walitolewa na Madagascar kwa penalti katika robo fainali, na Kasarani ikaandaa fainali ambamo Morocco iliilaza Madagascar 3-2. Gumzo lililofuata lilikuwa la penalti, tiketi na usalama langoni, na hilo lilieleweka. Viwanja vya mashindano makubwa hukaguliwa na CAF, na hapana shaka wakaguzi wataangusha mipira yao. Shaka iko katika viwanja mia moja vilivyobaki, vile vya kaunti na vya shule, ambavyo hakuna mgeni atakayekuja kuvikagua na ambavyo ndivyo vitakavyowatoa wachezaji wa miaka kumi ijayo. Kaunti inapozindua uwanja, umma huambiwa gharama na idadi ya viti. Kuna ubaya gani umma ukaambiwa pia mpira unadunda sentimita ngapi katikati ya uwanja, na ngapi mbele ya lango ambako nyasi huchakaa kwanza?

Shule zinaweza kuanza hata kesho. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walijiunga na sekondari ya juu Januari 2026, wakagawanywa katika mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa pamoja na michezo. Ni mgawanyo wenye mantiki, ila gozi linalodunda limeanguka kwenye mpaka wa wa kwanza na wa tatu, na kuna hatari ya kila mwalimu kudhani kwamba ni la mwenzake. Mwalimu wa fizikia anayetafuta jaribio lisilohitaji maabara hana haja ya kutazama mbali na uga wa shule yake.

Vifaa ni mlingoti wenye alama ya mita mbili, tepu ya kupimia, mpira uliojazwa upepo sawasawa, na simu inayoweza kurekodi picha za mwendo wa polepole. Kwanza mpira huangushwa kwenye sakafu ya saruji ya darasa ili ujulikane wenyewe hurudisha kiasi gani. Kisha hupelekwa uwanjani na kuangushwa mara tano katika kila mahali: katikati, pembeni, na kwenye visanduku vyote viwili. Urefu hupimwa kutoka chini ya mpira, si juu yake, kosa ambalo wengi hulifanya. Ugani ukirudi kama ulivyorudi darasani, uwanja huo ni sakafu nyingine. Ukirudi sentimita 60 hadi 85, uga unakaribia kiwango ambacho FIFA inakitaka katika nyasi bandia za daraja la juu. Vipimo vikichukuliwa Februari ardhi ikiwa kavu, na kurudiwa Mei baada ya mvua ya masika kulainisha udongo, shule itakuwa na takwimu za uwanja wake ambazo afisa wa michezo wa kaunti anaweza kuombwa azilinganishe na zake.